Poti ya salfa na pailoti ya hita ya gesi: vinaweza kukaa kitalu kimoja?

waridi_tigoni

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kabla jambo halijaharibika. Kitalu ni cha miche ya waridi, upande wa Limuru, mita 8 kwa 12, kimo cha wastani mita 3. Alfajiri joto linashuka hadi nyuzi 8, hivyo katikati imening'inizwa hita ya gesi, ile isiyo na dohani, na kimwali chake cha pailoti kinawaka mchana na usiku. Mtungi wa kilo 50 uko nje, bomba la shaba ndilo linaloingia ndani.

Sasa ubwiri unga umeingia. Majani machanga yamejikunja na yana unga mweupe. Nimenunua poti ya salfa ya umeme, ya kuning'iniza, yaani kikombe kinachopasha salfa moto hadi itoe mvuke wa kutibu ubwiri. Karatasi ya maelekezo inasema tu isitumike karibu na moto wazi. Karibu ni mita ngapi? Nikiiweka mwisho wa kitalu, mita 6 kutoka kwenye hita, pailoti inaweza kuendelea kuwaka? Na kama lazima nizime, nizime saa ngapi na niwashe saa ngapi bila miche kupigwa na baridi?

shamba_darasa

Mita 6 zinatosha mkuu. Kulipuka hakuwezekani hapo. Vumbi la salfa linahitaji kama gramu 35 katika kila mita ya ujazo ya hewa ndipo lilipuke. Kitalu chako kina mita za ujazo 288, kwa hiyo zingetakiwa kilo 10 za salfa zielee hewani kwa pamoja. Poti inabeba gramu mia hivi. Weka upande wa mbali, zima feni, endelea na kazi.

fundi_gesi_nakuru

Ndugu shamba_darasa, hesabu yako ya mlipuko ni sawa na ni vizuri umeiweka, maana wengi wanaogopa kitu hicho peke yake. Lakini ushauri ulioutoa utaunguza miche, na atakayeingia asubuhi ataumia kifua.

Poti inayeyusha salfa, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 115 hivi, kisha inaipandisha hewani kama mvuke. Mvuke ukipoa unakuwa chembe ndogo sana zinazotua kwenye majani, na hiyo ndiyo dawa yenyewe. Poti nzuri hushika joto kati ya nyuzi 140 na 190. Salfa hiyo hiyo ikifika karibu nyuzi 232 penye hewa inashika moto bila kuwashwa na mtu, na kinachotoka hapo ni gesi ya salfa dioksidi. Kimwali cha pailoti kinazidi nyuzi 1,000. Kila chembe inayopita humo inaungua.

Na itapita tu, hata feni zikiwa zimezimwa. Moto unapandisha hewa juu na hewa ya chini inavutwa kujaza nafasi, kwa hiyo hita yenyewe ni feni. Poti ikae mita 6 au mita 11, mvuke utafika. Umbali unachelewesha kwa dakika kadhaa tu. Usiku kidhibiti joto kikiwasha kichomeo kikubwa, ndipo hewa ya kitalu inavutwa kwa kasi zaidi.

Tuhesabu kwa kitalu hicho hicho. Gramu 1 ya salfa ikiungua inatoa gramu 2 za salfa dioksidi. Ndani ya mita za ujazo 288 hiyo inazidi sehemu 2 kwa milioni. Kikomo cha dakika 15 cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, kwa mfanyakazi ni sehemu 5, na sehemu 100 wanazihesabu kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Poti ya gramu mia ikishika moto na nusu yake ikaungua, kitalu chako kinapita sehemu 130. Mwenye pumu anabanwa kwa kiasi kidogo sana kuliko hicho. Miche nayo haisubiri kufika huko: asubuhi unakuta mabaka meupe kati ya mishipa ya jani, mishipa yenyewe ikibaki kijani, na kingo zimekauka. Palipokuwa na tone la maji gesi inageuka asidi, na jani linatoboka hapo hapo. Watu wanasema salfa ilizidi kipimo, kumbe iliungua.

Hita isiyo na dohani inamwaga yote hayo humo ndani. Ingekuwa ile iliyofungwa kabisa, inayovuta hewa ya nje kwa bomba lake na kutoa moshi nje kwa bomba jingine, moto usingekutana na hewa ya kitalu na jibu langu lingekuwa tofauti. Kwa hita yako, waridi_tigoni, hakuna idadi ya mita iliyo salama. Unachotenganisha ni muda. Moto na mvuke wa salfa visiwe ndani kwa wakati mmoja.

Ratiba inayofaa baridi ya Limuru ni hii. Baridi kali kwenu ni kuanzia saa 9 usiku hadi alfajiri, kwa hiyo salfa ifanyike mapema jioni. Saa 11 na nusu jioni funga vali ya mtungi kule nje na uache mwali ufe kwa kukosa gesi. Kugeuza kidhibiti joto chini hakuzimi pailoti, na kosa hilo ndilo linalorudiwa zaidi. Simama karibu na hita usikilize: ndani ya dakika moja hivi themokapo, kile kihisi joto kinachoshikilia vali ya gesi ikiwa wazi, inapoa na vali ya usalama inajifunga kwa mlio mdogo, tik. Mlio huo usiposikika kabisa, themokapo au vali ina kasoro na irekebishwe kwanza. Acha hita ipoe dakika 45. Ikipoa ifunike kwa gunia safi ili unga wa salfa usitue kwenye kichomeo.

Saa 12 na nusu shusha mapazia ya pembeni, washa poti, toka, funga mlango kwa kufuli na utundike kibao. Saa 3 na nusu usiku poti izimwe. Iache ipoe na chembe zitue kwa saa nzima. Saa 4 na nusu fungua mapazia na mlango kwa nusu saa, kisha toa gunia, pangusa kichomeo kwa brashi laini, na uwashe hita mapazia yakiwa bado wazi kwa dakika 15 za kwanza. Usiruke hatua hiyo ya mwisho. Hata ukifunika vipi, unga kidogo unabaki kwenye chuma, na unaungua kwenye mwako wa kwanza. Harufu kali kama ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi itatoka kidogo; ikiendelea zaidi ya dakika kadhaa, funga gesi, utoke nje, hita isafishwe tena kesho yake.

Kuwasha pailoti saa 5 usiku asiachiwe mlinzi peke yake akiwa na kiberiti mkononi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, kwa hiyo anusie karibu na sakafu kabla ya moto wowote. Akishindwa kuwasha mara ya kwanza, afunge, asubiri dakika 5, ndipo ajaribu tena.

mama_kitalu_usa_river

Nakubaliana na fundi, niongeze upande wa mmea na salfa yenyewe.

Kwanza aina ya salfa. Huku kwetu Tanzania ukisema salfa, watu wanafikiria ya korosho, ile ya unga wa kupulizia ubwiri unga. Hiyo usiiweke kwenye poti, wala ile ya kuchanganya na maji. Zimetengenezwa zipeperuke au zielee majini, kwa hiyo huwa zina vitu vingine ndani. Vitu hivyo haviyeyuki; vinabaki juu kama ukoko, vinashika joto chini yake, na poti inapanda kuliko ilivyopangwa. Tumia salfa safi ya asilimia 99.5 au zaidi, ya punje zilizo kama dengu. Punje hazitimui vumbi unapojaza. Na hapo ndipo hesabu ya shamba_darasa inapopata kazi: gramu 35 kwa mita ya ujazo ni nyingi kwa kitalu kizima, lakini mtu anayekung'uta mfuko wa salfa ya unga chini ya hita inayowaka anaufikia kiwango hicho palepale mbele ya uso wake. Jazia poti nje.

Punje ziwe kavu kabisa. Tone la maji likikutana na salfa iliyoyeyuka linageuka mvuke ghafla na kurusha matone ya moto. Kwa sababu hiyo usitundike poti chini ya bomba la ukungu wa maji wala chini ya mshono wa nailoni unaotiririsha umande. Jaza isizidi theluthi mbili.

Jifunze kuisoma rangi. Salfa iliyoyeyuka vizuri ni ya njano ya kahawia hafifu, nyepesi kama mafuta ya kupikia. Ikipita nyuzi 160 inageuka nyekundu iliyokoza na kuwa nzito, inavutika kama ulimbo. Ukiiona hivyo, na poti yako imeandikwa kufanya kazi chini ya joto hilo, kidhibiti chake kimekufa na poti haifai tena. Uchafu nao unaitia weusi, kwa hiyo kila baada ya majuma machache mimina iliyobaki ikiwa bado laini kwenye kopo la chuma kavu, nje ya kitalu, na kikombe kipanguswe.

Kipimo: poti moja kwa kila mita 100 za mraba, hivyo moja inakutosha. Itundike katikati ya kitalu, juu kidogo ya mimea, na iwe angalau mita moja chini ya nailoni. Juu yake weka sahani ya bati. Mvuke wa salfa unaharibu kemikali zinazoikinga nailoni na jua. Mahali palipo juu ya poti pataanza kuwa pakavu na kupasuka kabla ya paa lingine lote. Pima kikombe kwa mizani ya jikoni kabla na baada ya usiku wa kwanza. Gramu zilizopungua ukizigawa kwa saa ndiyo kasi ya poti yako, na ikibadilika ghafla utajua kuna jambo.

Anza na usiku mara mbili au tatu kwa juma, saa mbili hadi tatu kila usiku, majani yakiwa makavu. Usitumie salfa ikiwa umepuliza mafuta ya aina yoyote ndani ya majuma mawili yaliyopita, wala kitalu kikiwa juu ya nyuzi 30, majani yataungua hata bila moto. Na kama mmeachia wadudu rafiki wa kula utitiri mwekundu, wale Phytoseiulus, salfa inawapunguza nguvu. Usiku usiwe mrefu kuliko unavyohitajika.

Ningekuwa na miche michanga yenye ubwiri wa wastani, ningeanza na kupulizia bikaboneti ya potasiamu kama gramu 5 kwa lita, kwa sababu haina moto wala mvuke.

waridi_tigoni

Asanteni sana, mama na fundi. Maswali mawili. Nikiweka hita ya umeme badala ya gesi, tatizo limeisha? Na umeme ukikatika katikati ya ratiba, maana kwetu ni kawaida, inakuwaje?

nyaya_na_kontakta

Hita ya umeme inategemea ni ipi. Ile yenye koili inayokuwa nyekundu ni sawa na moto kwa jambo hili, kwani koili nyekundu iko juu ya nyuzi 600 na salfa inawaka kwenye 232. Ile ya kupuliza hewa moto ni hivyo hivyo, koili yake iko ndani tu huioni. Inayofaa ni radieta ya mafuta, ambayo uso wake hukaa chini ya nyuzi 100, au mkeka wa joto chini ya trei za miche. Mkeka ndio ningechagua kwa miche, maana mizizi ndiyo inayotaka joto. Taa za kukuzia zenye balbu ya sodiamu nazo zizimwe na zipoe kwanza. Kioo cha balbu kinachoma kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu umeme kukatika, hapa ndipo taima pekee inapokuangusha. Taima ya kuzungusha ikikosa umeme saa mbili, inarudi ikiwa nyuma saa mbili. Poti iliyopangwa kuzimwa saa 3 na nusu itazimwa saa 5 na nusu, wakati mtu ameshafungua mapazia na kuwasha hita. Taima ya namba yenye betri inatunza saa, lakini umeme ukirudi inawasha tena poti bila kuuliza. Suluhisho ni kontakta, yaani swichi inayovutwa kwa sumaku ya umeme, yenye vitufe viwili vya kuwasha na kuzima, iliyofungwa kwa kujishikilia: umeme ukikatika inaachia, na ukirudi haijiwashi hadi mtu abonyeze. Usiku huo salfa imekatizwa, hakuna hasara.

Kisha tumia chenji-ova, ile ile ya jenereta, yenye nafasi tatu. Upande mmoja unalisha vali ya umeme ya gesi, katikati ni sifuri, upande wa pili unalisha poti. Vali iwe ya aina inayofunga ikikosa umeme, na ifungwe kwenye bomba kabla ya hita, nje ya kitalu. Kwa namna hiyo mkono wa chenji-ova hauwezi kulisha vyote viwili, hata mtu akisahau. Umeme ukikatika gesi nayo inafunga na pailoti inazima. Hapo lazima iwashwe kwa mkono, na ni vizuri iwe hivyo. Chenji-ova haijui kupoa wala kupitisha hewa, kwa hiyo zile dakika 45 za mwanzo na saa moja na nusu ya mwisho ni lazima mkono ukae kwenye sifuri. Uandike hivyo kwa rangi kwenye kisanduku.

Kisanduku chote kiwe nje. Salfa inageuza shaba kuwa nyeusi na fedha kuwa nyeusi, na ncha za swichi zimepakwa fedha. Ndani ya kitalu kontakta itaanza kung'ang'ania kabla ya mwaka.

shamba_darasa

Fundi, nimekuelewa na naondoa ushauri wangu wa mita 6. Swali: poti ikishika moto yenyewe, maji yanafaa?

fundi_gesi_nakuru

Umeuliza jambo la maana. Usirushe maji kwa nguvu. Yanatawanya salfa inayowaka, na yakifika kwenye kikombe yanalipuka kuwa mvuke. Kizima moto cha unga kikipulizwa karibu nacho kinarusha salfa nje ya kikombe. Kata umeme kutoka nje, funika kikombe kwa mfuniko wa chuma unaokaa vizuri au mchanga mkavu, na utoke. Mfuniko huo uning'inie mlangoni siku zote, si stoo. Kama gesi imeshajaa, usiingie kabisa kufunika. Kata umeme, fungua mapazia kutoka nje, acha iungue iishe. Gramu mia za salfa si thamani ya mapafu ya mtu. Kuingia kunahitaji barakoa ya uso mzima yenye chujio la aina ya E, lenye ukanda wa njano, pamoja na chujio la vumbi. Barakoa za kitambaa hazizuii gesi hii hata kidogo.

Jambo linalowapita wengi: moto wa salfa ni wa buluu hafifu, na mchana hauonekani. Unaweza kusimama mita mbili ukaona poti imetulia, kumbe inawaka. Usiku wa kwanza zima taa zote, simama nje na utazame kupitia nailoni kwa dakika kumi. Mwanga wowote wa buluu pale kwenye kikombe, kata umeme.

waridi_tigoni

La mwisho. Nimefungua kifuniko cha hita leo, pailoti inawaka ya njano na inayumba, na kuna ukoko wa njano kwenye kitundu chake. Poti ilijaribiwa usiku mmoja tu wiki iliyopita, pailoti ikiwa imewashwa. Nisafishe kwa sindano?

fundi_gesi_nakuru

Usitumie sindano wala waya. Kitundu cha pailoti ni chembamba mno. Ukikipanua hata kidogo mwali unakuwa mkubwa na unatoa masizi na kaboni monoksidi, na hita yako haina dohani ya kuitoa. Funga mtungi, fungua kile kipande chenye kitundu cha pailoti, kiloweke kwenye spiriti kwa nusu saa, kisha kipulize kwa hewa ya pampu kutoka upande wa moto kurudi upande wa gesi. Kisipofunguka nunua kipya.

Angalia ncha ya themokapo: ikiwa imeliwa au ina madoa meusi, ibadilishe wakati huo huo. Ukiliangalia pia bomba la shaba utaona limeanza kuwa jeusi. Lipanguse na utafute nyufa kwenye viungo. Ukifunga, paka maji ya sabuni kila kiungo mtungi ukiwa wazi, utazame mapovu dakika mbili. Pailoti iliyo sawa ni ya buluu, imesimama imara, na inaifunika ncha ya themokapo kwa kama sentimita moja. Ikibaki njano baada ya hapo, usiwashe hita usiku huo; funika miche kwa kitambaa chepesi cha baridi na umwite fundi aje na kipima mgandamizo wa gesi.